Mlio wa Mama Mkwe

Mimi sikuumbwa kukaa. Mke wangu huwaambia wageni kwamba siku niliyozaliwa mkunga alinilaza kitandani, akageuka kuchukua taulo, na aliporudi akanikuta nakaza skrubu za kitanda. Anatia chumvi, lakini si nyingi. Nikiona mlango unaning'inia kwenye nyumba ya watu, mkono unaanza kuniwasha. Nikisikia feni inagonga, siwezi kufuata mazungumzo mpaka nijue ni panga lipi limelegea.

Kazi nayo haikunisaidia. Mimi ni fundi lifti. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikipanda juu ya paa la lifti, ndani ya shimo lenye giza na harufu ya grisi, nasimama, nasikiliza. Lifti nzima haina la kuniambia. Roda iliyokauka, kamba inayogusa pasipopaswa, mlango unaosugua kizingiti chake, hao ndio wateja wangu, na sitoki shimoni mpaka mlio umekwisha. Sikio likishafundishwa kuchukia mlio, huwezi kulivua jioni ukalitundika pamoja na ovaroli.

Sasa mtu kama huyo aliingiaje kwenye mapenzi ya magitaa mabovu? Sijui, na mke wangu ameacha kuuliza. Sisemi haya magitaa ya kila siku, yenye tumbo bapa na tundu moja la mviringo. Yangu ni ya zamani, yenye kifua kilichobinuka kama cha fidla na matundu mawili marefu yaliyopinda, moja kila upande. Daraja lake, yaani kile kipande cha mti kinachoinua nyuzi, halina gundi wala msumari. Linashikiliwa na nyuzi tu, na ukizilegeza zote linaanguka. Hata hapo, kuna watu hutafuta yale mazuri, yaliyotengenezwa na mikono iliyotulia. Mimi nayapenda yale ambayo aliyeyatengeneza alikuwa ama mlevi ama fundi viti.

Nilikuwa nayo matatu. Moja lina swichi tano na inayofanya kazi ni moja, na si ileile kila siku. La pili ni pana kiasi kwamba ukilikumbatia huoni vidole vyako mwenyewe. La tatu ndilo nililolipenda kuliko yote, na ndilo lililonitia kwenye kesi hii. Lilitoka katika kiwanda ambacho kweli kilikuwa cha viti: shingo yake imechongwa maua kama mgongo wa kiti cha sebuleni, tundu la kushoto ni refu kuliko la kulia kwa upana wa kidole, na juu kabisa, kichwani, kuna kioo kidogo cha duara. Nani aliweka kioo kwenye gitaa, na alitaka kuona nini? Nimelala na swali hilo siku nyingi. Rangi yake ni ya asali katikati, ikienda pembeni inaungua mpaka inakuwa nyeusi. Ukilipiga linanung'unika. Ukibana ule uzi mnene wa juu katika pingili ya nne ya shingo ukaupiga, ndani ya kifua kinaamka kitu kinakwaruza kama nzige kwenye kopo. Nikaliita Mama Mkwe.

"Mama mkwe wa nani?" mke wangu aliuliza siku ya kwanza.

"Wa jumla tu."

"Ngoja nimpigie simu mama nimwambie."

Aliyeniuzia ni mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, na sisi sote tunamwita Karani. Tuko wanne tunaougua ugonjwa huu hapa mjini: yeye, mimi, daktari mmoja wa meno na mwoka mikate. Tunauziana, tunabadilishana, tunaoneana wivu. Zamani daktari wa meno alinunua gitaa la mwoka mikate, akalipaka rangi nyeupe ili lifanane na chumba chake cha kazi, na mwoka mikate alipoliona alilia mbele za watu. Baada ya hapo Karani aliketi akatuandikia masharti kwa mwandiko wake wa mahakamani. Masharti ni mawili. La kwanza, aliyeuza ana haki ya kuja kulitembelea gitaa lake mara moja kwa mwaka, akaribishwe chai, akae nalo kadiri atakavyo. La pili, mnunuzi akikata, akipaka au akigundisha chochote bila kumwambia aliyeuza, amelipoteza. Mwenyewe wa zamani anaondoka nalo. Tulitia sahihi wote wanne. Hakuna aliyecheka.

Karani aliuza kwa sababu masikio yalikuwa yanamsaliti. Kila mwaka yalipungua kidogo, na yeye, aliyetumia maisha yake kusikiliza na kuandika yaliyosemwa, alikuwa sasa anasoma midomo ya watu na kujifanya amesikia. Siku ya kunikabidhi gitaa alilifuta vumbi, akaniangalia usoni, akasema, "Nakujua wewe. Huyu si mgonjwa. Usimtibu."

Nikaapa. Na mwaka mzima, nakuambieni ukweli, nilikaa na kiapo changu. Nilikuwa nikilichukua kila jioni, napiga kila kitu isipokuwa ile pingili ya nne, kisha naipiga hiyo pingili ya nne, kisha nakasirika. Niliuota ule mlio. Nikiwa shimoni kazini nilikuwa nausikia kwenye kamba.

Ikabaki wiki moja Karani aje kwa ziara yake ya kwanza, na hapo ndipo shetani alinipata vizuri, kwa sababu alinijia na nia njema. Nilitaka mzee alikute gitaa lake limependeza. Nikalisugua, nikazing'arisha funguo za kukazia nyuzi, nikabadilisha nyuzi moja moja ili daraja lisianguke. Halafu nikajiambia nichungulie tu ndani. Nilikuwa na kile kioo chenye mpini alichonipa daktari wa meno, nikakipenyeza kwenye tundu refu, nikamulika na tochi. Nikauona. Chini ya kifua kuna fito mbili zinazokibeba kutoka ndani, na ufito wa upande wa nyuzi nene ulikuwa umeachia kwenye ncha. Mwanya wa ukucha, basi. Mwaka mzima wa mateso, na kilichohitajika ni gundi ya kujaza kijiko.

Nilikaa sakafuni nikibishana na nafsi yangu. Sharti linasema kugundisha. Lakini kurudisha kitu mahali pake ni kugundisha au ni kuponya? Ningeweza kumwandikia Karani ujumbe kwenye simu, angenijibu ndani ya dakika moja. Sikumwandikia. Nilijua angejibu nini.

Jumatano nikapasha moto gundi ya ngozi kwenye kopo, ile ya zamani wanayotumia mafundi wa fidla, nyumba nzima ikanuka kama kiwanda cha viatu. Nikaipenyeza kwa ubao mwembamba, nikauinua ufito kwa kipande cha penseli, nikaacha. Ijumaa nikatoa penseli, nikakaza nyuzi, nikabana pingili ya nne. Sauti ikatoka nene, safi, haina doa. Nilicheka peke yangu. Nilipiga noti hiyo labda mara hamsini, na nilipoacha nikaona sina hamu ya kuendelea kupiga, lakini sikulifikiria jambo hilo.

Jumamosi mchana Karani akaja. Mimi nilikuwa nimeshapanga vikombe mara nne na kusogeza meza mara mbili.

"Kaa chini," mke wangu alisema, "unanitia kizunguzungu."

"Nimekaa."

"Umeegemea friji."

Kengele ikalia. Karani alikuwa mlangoni na koti lake na tai yake, daftari dogo likichungulia mfukoni. Siku hizi alikuwa na daftari hilo kila mahali, wamwandikie wale ambao midomo yao haisomeki. Mke wangu alimwamkia, "Shikamoo baba," taratibu, midomo wazi, naye akaitika marahaba kwa sauti kubwa kuliko chumba. Akanywa chai. Akasifu mapazia. Niliongea sana, na haraka, akaniashiria kwa mkono nipunguze mwendo, nikapunguza kwa sentensi moja kisha nikasahau.

"Mlete," akasema mwishoni.

Nikamletea. Alimtazama muda mrefu, akajitazama kwenye kile kioo kidogo, akarekebisha tai. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akainama, akaweka taya lake juu ya ukingo wa gitaa, mfupa kwenye mti, na hivyo hivyo akaanza kupiga. Alipiga muziki wa dansi wa ujanani mwake, vidole vizito kidogo lakini kila kimoja kinajua kwao. Mke wangu aliacha kukusanya vikombe. Mimi nilisubiri afike kwenye pingili ya nne ili anisifu.

Akafika. Akaipiga.

Akaipiga tena. Akasogeza taya mbele kidogo, akabana kwa nguvu zaidi, akapiga. Akalihamishia upande wa pili wa uso. Akapiga polepole, akapiga kwa kishindo, mara tano, mara saba, huku macho yake yakienda huku na huko kama ya mtu anayetafuta funguo mfukoni mwa koti lililokwisha kupekuliwa. Halafu akaacha. Akalilaza gitaa mapajani na kuweka kiganja juu ya nyuzi.

"Basi," akasema. "Yamefunga."

Nilimuuliza nini kimefunga. Nadhani nilikuwa nimeshajua.

"Nitakuambia kitu, fundi, maana sasa hakina haja ya kufichwa. Muziki uliniondoka miaka mitatu iliyopita. Nasikia vishindo tu, na vishindo hata ukuta unavisikia. Lakini huyu alikuwa na ule mlio wake. Ukiweka taya hapa, ulikuwa unaniingia mfupani, unakwenda mpaka ndani kabisa. Huo nilikuwa nausikia. Kusikia hasa. Ni sauti moja tu duniani iliyobaki, na ni mbaya, lakini yangu." Akatabasamu. "Niliona aibu kukaa na gitaa zima kwa ajili ya mlio mmoja, na huku wewe una mikono. Ndiyo nikakuuzia. Mwaka mzima nimekuwa nikijiambia, Jumamosi ile nitakwenda kwa fundi, nitausikia. Daktari alinionya kwamba kilichobaki hakitakaa. Basi hakikukaa."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno yalikuwa machache: nilimtia gundi, mzee, ni mimi. Lakini nitakuwa mwongo nikisema nilishindwa kwa sababu ya huzuni. Niliangalia maua yale shingoni, nikaangalia kioo kile, nikaona sharti la pili kwa mwandiko wa Karani na sahihi yangu chini yake. Nikisema, anaondoka nalo leo hii. Nikinyamaza, linabaki ukutani kwangu, na masikio yake, nilijiambia, hata hivyo yangefunga siku moja. Mwaka huu au mwakani, tofauti ni nini? Mawazo hayo yalinipitia kichwani mimi, mtu niliyekula chakula kwa mzee huyu. Nayaandika kwa sababu yalikuwa yangu.

Karani akasimama. "Umemtunza," akasema, akilipigapiga begani. "Anang'aa. Mwakani usiandae chai, sitakuja. Sina la kufuata."

Nikamsindikiza hadi kwenye lifti. Tunakaa ghorofa ya nne. Mlango ukafungwa bila kusugua popote, kwa sababu lifti hiyo naihudumia mwenyewe.

Niliporudi ndani mke wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba.

"Unamwacha aende hivyo?"

"Nifanye nini? Mzee amezeeka."

"Gundi nimeinusa siku tatu ndani ya nyumba yangu. Unadhani pua yangu nayo imefunga?"

"Akijua ataumia zaidi."

"Nani ataumia zaidi?"

Nikatoka mbio. Nilishuka ngazi mbili mbili, na nilipofika chini Karani alikuwa anavuka ukumbi wa kuingilia, mgongo umenigeukia. Nikamwita. Nani angeitika? Nikamzunguka, nikamsimamia mbele, nikasema yote kwa mkupuo, haraka kiasi kwamba hakuna alichosoma. Akaweka mkono sikioni. Nikapaza sauti. Akatikisa kichwa. Basi nikapiga kelele kwa nguvu zote:

"NILIMTIA GUNDI!"

Mlinzi wa jengo akainua kichwa kutoka kwenye meza yake. "Umemtia nani gundi?"

"MAMA MKWE!" nilimfokea Karani, si mlinzi.

"Mungu wangu," mlinzi alisema, akasimama. "Wapi?"

"NDANI! KIFUANI!"

Mama mmoja aliyekuwa na mifuko ya sokoni akarudi nje taratibu. Karani alinipa daftari na kalamu. Nikaandika nikiwa nimeegemea ukuta: *Jumatano nilimtia gundi. Ufito wa ndani ulikuwa umeachia, nikaubandika. Mlio nimeuua mimi. Masikio yako hayana kosa.*

Alisoma. Akasoma tena. Kisha akalifunga daftari, akanishika bega, na macho yake yalikuwa ya upole hata nikataka ardhi inimeze.

"Ahsante, mwanangu. Una moyo mzuri."

"Ni kweli!"

"Nimekaa mahakamani miaka thelathini na mmoja naandika maneno ya watu," akasema. "Uongo wa tamaa naujua, na uongo wa huruma naujua. Sharti la pili nililiandika mimi. Hakuna mtu anayepoteza gitaa lile kwa hiari yake. Umeona mzee amevunjika, ukatunga. Nashukuru sana. Lakini usinifanye mtoto."

Sikuwahi kukutana na adhabu kama hiyo, kusema kweli ukashukuriwa kwa uongo. Nilimshika mkono wa koti nikamvuta. Mzee wa watu, nilimvuta kweli, na mlinzi akawa ananyanyua simu. Tukapanda juu.

Mke wangu alikuwa bado pale pale. Nilimwambia awashe jiko. Kwenye mkoba wangu wa kazi nina vipimo vya mwanya, vile vibati vyembamba vya chuma tunavyopimia nafasi ya breki kwenye mota. Nikachagua kimoja kirefu, nikakipinda ncha, nikakishika kwa koleo juu ya moto. Gundi ya ngozi huogopa joto. Ndiyo maana mafundi wa zamani waliipenda, kwamba kilichobandikwa kinaweza kubandukwa. Lakini hubandukwa taratibu, kwa saa nyingi, na mtu aliyetulia. Mimi nilikuwa na mzee mmoja aliyekuwa tayari amevaa koti.

Nikalegeza nyuzi. "Shika daraja," nilimwambia mke wangu, naye akaliweka vidole viwili, lisiteleze.

Karani alipoona chuma cha moto kinaelekea kwenye tundu, alielewa ninachotaka kufanya na akaja juu. "Acha! Utampasua! Umerukwa na akili? Nimekuambia nashukuru, acha!" Alikuwa anaamini bado kwamba gitaa ni zima, na kwamba mpumbavu mmoja analivunja ili kukamilisha uongo wake. Nikamgeuzia mgongo. Nikapenyeza chuma, nikaipapasa ncha ya ufito, nikasukuma. Haikuingia. Nikapasha tena, nikapenyeza tena, nikasukuma. Mara ya tatu kitu kikaachia kwa mlio mkavu, ta! Mke wangu akaguna. Kwenye kifua cha asali, kuanzia ncha ya tundu refu kwenda kwenye daraja, ulikuwa umechoreka ufa mwembamba wa urefu wa kidole.

Niliutazama ufa ule na machozi yakanilenga. Nimeharibu vitu vingi katika maisha yangu kwa kuvitengeneza. Hicho kilikuwa cha kwanza kukiharibu nikikusudia.

Nikakaza nyuzi. Nikampa.

Karani hakutaka kulipokea. Alipapasa ufa kwa kidole gumba, midomo imebana. Mwishowe akaketi na koti lake, akaweka taya kwenye ukingo, na kwanza akapiga kila mahali isipokuwa pale. Akapiga chini, akapiga juu, akazunguka. Nikaona anaogopa. Mpaka dakika ile nilikuwa nimewaza kosa langu tu. Sasa ikanijia kwamba huenda niliyoyasema ni kweli na masikio yake pia yamefunga kweli, kwamba hivi viwili vinaweza kuwa vimetokea mwaka mmoja, na kwamba nimempandisha juu kuja kuonyeshwa mara ya pili. Nilitaka kumnyang'anya. Mke wangu alinishika shati kwa nyuma.

Akabana pingili ya nne, akapiga.

Mlio ukaamka. Mimi niliusikia vizuri, mkali, mbaya, unakwaruza, na nyuma yake mwingine mdogo unaopigapiga, wa ule ufa. Uso wa Karani haukubadilika. Akapiga tena. Haukubadilika. Akafumba macho, akakandamiza taya mpaka ngozi ikawa nyeupe, akapiga mara ya tatu, akauacha uzi ulie mpaka ukomee wenyewe.

Akainua kichwa polepole. Alikuwa amekasirika.

"Si wenyewe," akasema.

Nikamwangalia.

"Si wenyewe! Ulikuwa mmoja, sasa ni miwili! Kuna mwingine huku nyuma unagongagonga kama bati! Umemharibu! Nilikuambia si mgonjwa, nilikuambia usimtibu, wewe una mkono au una koleo? Miaka arobaini nimekaa naye hana hata mkwaruzo!" Sauti ilimpasuka. Akainama haraka, akaweka taya, akapiga tena ili ahakikishe, akainuka. "Miwili!"

Mke wangu alianza kulia huku anacheka. Mimi nilisimama natukanwa, na kila tusi lilinitua kama maji baridi. Nilimwambia ndiyo, mzee, ni miwili. Nilimwambia hata mimi naisikia. Hakusoma midomo yangu. Alikuwa ameshainama tena.

Aliondoka nalo. Hakuulizwa mtu wala sharti halikutajwa. Nilimbebea mpaka chini, na katika lifti, ghorofa zote nne, alinisema kuhusu gundi, kuhusu haraka, kuhusu vijana wasioweza kuacha kitu. Nina umri wa miaka arobaini na sita. Ukumbini mlinzi alimtazama mzee, akatazama mfuko wa gitaa, kisha akanitazama mimi.

Teksi ilikuwa inangoja. Nililitoa gitaa kwenye mfuko kwa sababu aliniamuru, akaketi nalo kiti cha nyuma, shingo ya maua ikitokeza dirishani. Moyo uliniuma kwa namna ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nalipenda kweli lile gitaa, nalipenda hadi leo. Karani hakunitazama. Taya lilikuwa kwenye ukingo, kidole kimebana pingili ya nne. Akapiga, akasikiliza, akakunja uso, akapiga tena. Dereva akageuka, akamuuliza wanakwenda wapi. Akarudia swali, kwa sauti kubwa zaidi. Karani hakumsikia.